Staringi wa Kitelugu au mtu wa kawaida: skripti yetu ya dakika 40 ielekee wapi?

Kalamu ya Buruburu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua filamu za Kitelugu, zile za Hyderabad, si za Mumbai.

Tuko kundi la waandishi wenye skripti ya dakika 40 ya kupigwa hapa Eastlands. Mhusika mkuu ni kijana wa bodaboda Kariobangi. Mama yake anauza sukuma na nyanya kwenye kiwanja ambacho bwana mmoja mwenye pesa anataka kukizungushia mabati. Tangu mwongozaji wa Kitelugu S. S. Rajamouli na kikosi chake walipokuja kupiga sehemu ya filamu yao hapa Kenya mwaka 2025 na kukutana na Musalia Mudavadi, nusu ya kundi inataka kijana wetu aingie kama staringi kamili: vumbi, mwendo wa taratibu, ngoma zinalia, majambazi wanane wanarushwa hewani. Nusu nyingine imetazama C/o Kancharapalem na Balagam, filamu za maisha halisi zisizo na staa, nayo inasema tukienda njia hiyo mama na meza yake ya mboga watabaki pambo.

Ibada ya staringi inatokana na nini hasa, maandishi au pesa? Mlango wa staringi, yaani tukio la kumwingiza mara ya kwanza, unajengwaje? Na hizi filamu za maisha halisi zinafanya nini ambacho sisi wenye bajeti ndogo tunaweza kukifanya bila filamu kuonekana ya ovyo? Mkitoa mfano, tajeni tukio lenyewe. Msiseme tu "ni kali".

Meza ya Uhariri

Karibu kaka. Mimi nitashika huo mlango, maana ndio unaoharibika zaidi ukiigwa.

Wengi hudhani nguvu yake iko kwenye mwendo wa taratibu. Nguvu iko kwenye muda unaotangulia uso kuonekana. Waandishi wa Hyderabad kwanza huonyesha dhuluma inayoendelea bila mtu wa kuizuia. Halafu mtu mwingine, mara nyingi mnyonge au adui mwenyewe, anamtaja yule ambaye hatujamwona. Kisha tunapewa vipande vyake: kiatu kikikanyaga, kiganja, kivuli ukutani. Uso unakuja mwisho na muziki unapasuka pamoja nao. Muziki ukitangulia uso hata kwa sekunde mbili, mtazamaji ameshajua na pumzi imetoka. Kwenye filamu ya saa tatu mlango huo unaweza kula dakika tano. Ninyi mna dakika 40, msivuke sekunde 90.

Sasa tazama RRR ya 2022, ya Rajamouli huyohuyo, mhusika Ram anapoingia. Umati umezingira kituo cha polisi cha wakoloni, jiwe linarushwa, na ofisa mmoja anaruka ua kumfuata mtu mmoja tu katikati ya maelfu. Anapigwa, anakanyagwa, anamburuta mtu wake hadi ndani. Kufikia hapo ni sifa tupu za staringi. Lakini tukio haliishi pale. Anarudi akiwa na damu usoni, na wakati wa kupandishwa cheo anarukwa, vyeo vinakwenda kwa wengine. Anabaki kuupiga mfuko wa mazoezi kwa hasira. Katika dakika chache umeambiwa mtu huyu ana nguvu gani, anataka nini, na nani anamnyima. Baadaye sana ndipo unajua kwa nini alikitaka hicho cheo, na lile tukio la mwanzo linageuka maana. Mkinyofoa ule umati tu bila kuchukua habari ya cheo, mtabaki na vumbi.

Upande wa kamera. Ukipiga fremu 48 kwa sekunde na kuicheza kwa 24, mwendo unakuwa nusu. Ukipiga 96 unakuwa robo. Kila fremu zikizidi mara mbili, mwanga unapungua nusu, kwa hiyo kwenye 96 unahitaji mwanga mara nne ya ule wa 24. Hapo ndipo shoti za vichochoroni jioni zinapotoka na chenga nyeusi. Jambo la pili ni umeme. Wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Chini ya taa kama hizo weka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwa fremu 48, shata ya 1/100 inakaa vizuri kabisa. Kwa fremu 96, 1/100 inaacha mwendo ukivuta ukungu, na ukipandisha shata picha inaanza kupepesa mistari. Ndani ya nyumba bakini na 48. Hiyo 96 ifanyeni nje mchana.

Kamera ikae chini ya goti, lenzi ya milimita 24 au karibu na hapo. Msimsogelee sana usoni na lenzi hiyo, pua itakua na masikio yatarudi nyuma. Jua letu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri linakaa juu ya utosi: macho yanageuka mashimo meusi na anga nyuma yake inaungua nyeupe, na ukipiga kutoka chini tatizo linazidi maradufu. Pigeni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Hao majambazi wanane wa kuruka, waacheni. Kumvuta mtu kwa kamba kunahitaji mshipi wa mwilini, kreni au mlingoti uliofungwa sawasawa, wavutaji waliozoea, na mkeka mnene nje ya fremu. Baadaye kamba lazima ifutwe kwenye kompyuta. Shoti ya sekunde tatu ni fremu 72 za kufuta, na nyuma yake kuna mabati, nyaya za umeme na watu wanaopita. Bila pesa hiyo, mtazamaji anaiona kamba na staringi amekwisha.

Binti wa Parklands

Kaka Kalamu, umeuliza maandishi au pesa. Ni pesa kwanza, na maandishi yanaifuata.

Soko la Kitelugu limegawanywa kimaeneo: Nizam ambayo ni upande wa Telangana, Ceeded ambayo ni Rayalaseema, kisha Uttarandhra, Godavari Mashariki na Magharibi, Krishna, Guntur, Nellore, halafu nchi za nje, hasa Marekani. Filamu kubwa huuzwa kwa wasambazaji wa maeneo hayo kabla haijatoka, mara nyingi kwa kiasi cha chini kilichoahidiwa, na msambazaji hulipa bila kujua hadithi itamfikishaje. Anachonunua ni jina la staringi na uhakika wa kumbi kujaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo skripti inaandikwa kwa ajili ya shabiki wa siku ya kwanza, anayeamka usiku kwenda onyesho la alfajiri. Kila kitu unachokiona kinatoka hapo: jina la sifa linalojaa skrini kabla ya jina la filamu (Mega Star, Power Star, Rebel Star), wimbo wa kumtambulisha, kishindo kabla ya mapumziko, adui anayetumia nusu ya maneno yake kueleza jinsi staringi anavyotisha. Malipo ya staringi nayo hula sehemu kubwa ya bajeti, na kinachobaki ndicho kinagawanywa kwa waandishi, sauti na waigizaji wengine. Agosti 2022 chama cha maprodyuza kilisimamisha upigaji wa filamu wakidai gharama zipangwe upya. Si jambo la siri.

Ukienda nyuma utaona na siasa. N. T. Rama Rao alicheza Krishna katika Mayabazar mwaka 1957 na akaendelea kucheza miungu kwa miaka mingi. Machi 1982 aliunda chama cha Telugu Desam, na Januari 1983 alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Watu wakadhani njia imefunguka kwa kila staa. Chiranjeevi aliunda chama chake mwaka 2008, mwaka uliofuata akapata viti 18 kati ya 294, kisha chama kikamezwa na chama cha kitaifa cha Congress. Mdogo wake Pawan Kalyan, naye staa, alishindwa kwenye majimbo yote mawili aliyogombea mwaka 2019, halafu mwaka 2024 chama chake kikashinda viti vyote 21 kilivyogombea, naye akawa naibu waziri mkuu wa jimbo. Sifa za skrini peke yake hazijawahi kutosha, lakini zinakupa jeshi la kuanzia.

Msidhani filamu za maisha halisi ni kitu kipya kule. Maa Bhoomi ya 1979 inahusu uasi wa wakulima wa Telangana. Daasi ya B. Narsing Rao, mwaka 1988, inahusu mjakazi katika nyumba ya bwana shamba, na ilizoa tuzo za kitaifa. Katikati ya hizo mbili kuna Sankarabharanam ya K. Viswanath, mwaka 1980, ambayo mhusika wake mkuu ni mwimbaji mzee wa muziki wa jadi. Aliyeicheza ni J. V. Somayajulu, mtu wa jukwaani asiye na jina la staa, na watu walijaa kumbi wiki baada ya wiki. Mimi naipenda sana filamu hiyo kwa sababu heshima ya mzee yule haipiganiwi kwa ngumi hata mara moja, na bado ukumbi unamsimamia.

Na ili mwone kwamba pesa ndiyo inachagua umbo: prodyuza Dil Raju ni jina lilelile nyuma ya Balagam ya 2023 na Game Changer ya 2025. Ya kwanza haina staa mkubwa, ni kijiji cha Telangana na msiba. Ya pili ina Ram Charan, na mashabiki walisimamisha sanamu yake bapa ndefu kupita kiasi mjini Vijayawada kabla haijatoka. Balagam ilienda mdomo kwa mdomo hadi vijiji vikaitazama pamoja uwanjani usiku. Game Changer ilianguka sokoni.

Ninyi hamna msambazaji aliyelipia jina la mtu. Uhuru huo ni mkubwa, utumieni.

Mzee wa Kibanda

Wanangu, nawasikia, lakini msiitupe ibada ya staringi kama takataka. Kuna kitu inakifanya ambacho filamu za polepole haziwezi.

Chiranjeevi alipolipuka na Khaidi mwaka 1983, kijana wa mkulima ndiye aliyesimama mbele ya mwenye ardhi. Watu waliokaa mbele kwenye viti vya bei rahisi walijiona juu kwa mara ya kwanza. Pushpa ya 2021 imejengwa juu ya aibu moja tu: kijana amenyimwa jina la ukoo wa baba yake. Lile bega lililoinuka, ile jeuri ya kukaa mguu juu ya mguu mbele ya tajiri, vyote vinatoka kwenye ile aibu. Ndiyo maana watu wa hapa Nairobi wasiojua neno moja la Kitelugu wanaielewa. Na mazingira yake ni ya kweli: misandali myekundu ya milima ya Seshachalam, vibarua wanaokata usiku, magogo yanayofichwa, lafudhi ya Chittoor. Sehemu ya pili ndiyo iliyonipungukia, kwa sababu kila anachokigusa anashinda, na ile aibu inasubirishwa hadi mwisho.

Sasa la vitendo. Kibanda cha video kina mabenchi, watu wanajibizana na skrini, na mara nyingi sauti inayosikika ni ya DJ Afro anayesimulia filamu juu yake, si ya waigizaji. Mtazamaji wa hivyo anashiriki. Wahariri wa Kitelugu wanalijua hilo: baada ya neno zito la staringi huacha sekunde tatu hadi tano bila mazungumzo, muziki tu na uso, ili ukumbi upige kelele bila kukosa neno linalofuata. Filamu nyingi zetu hubandika jibu la adui palepale na kelele za watu zinalizika. Kama mnataka filamu ichezwe vibandani, acheni nafasi hizo. Kama mnaitaka kwa ajili ya simu, zipunguzeni ziwe sekunde moja na nusu, kwa maana mtu akiwa peke yake kimya kile kinamchosha.

Jihadharini pia na nakala mnazojifunzia. Nyingi zinazozunguka hapa ni zile zilizoingizwa sauti za Kihindi, na mara nyingi nyimbo na vituko vimekatwa. Staringi anaonekana anapigana tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu sehemu alizokuwa anakula na mama yake zimebaki sakafuni. Hata RRR iliyoko Netflix ni ya Kihindi. Tafuteni ya Kitelugu yenye maandishi chini, msikie jinsi wanavyoteremsha sauti kabla ya kuipandisha.

Kinasa Sauti

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe kuhusu Pushpa. Niongeze upande wa hizi za maisha halisi, kwa sababu watu hudhani uhalisia ni kuweka kamera na kuacha watu waongee.

C/o Kancharapalem ya Venkatesh Maha, 2018, imechukua jina la mtaa wa Visakhapatnam, na karibu waigizaji wote ni wenyeji wa hapo ambao hawakuwahi kuigiza. Inaonekana rahisi, lakini ndani yake kuna mapenzi manne ya umri tofauti yanayosukwa pamoja, na mmoja wa wahusika ni mhudumu wa ofisi ya serikali mwenye miaka 49 ambaye hajaoa. Mpangilio huo ni mkali kuliko wa filamu nyingi za mapigano. Mwigizaji asiyezoea akipewa muundo thabiti anaonekana wa kweli. Akiachwa abuni tu, anageuka mtu anayesoma tangazo.

Mkitumia watu wa mtaani, chagueni anayefanya kazi ileile. Mama wa mboga awe mama wa mboga. Mpeni mikono kazi wakati anaongea: akate sukuma, apange nyanya tano tano. Mtu mwenye kisu mkononi hasahau kwa urahisi pa kutazama. Msimpe karatasi ya maneno, mwambieni anataka nini kutoka kwa mwenzake na neno moja ambalo lazima litamkwe. Pigeni shoti pana kwanza, mara mbili au tatu, kisha mkaribie. Ukianza na uso anaganda. Na mwendelezo wa vitu utawaumiza: fungu la sukuma lililokatwa kwenye shoti pana lazima liwe na urefu uleule kwenye shoti ya karibu. Nunueni mafungu 15 ya akiba, na mtu mmoja apewe simu ya kupiga picha za meza kila mnaposimama.

Sauti sasa. Filamu kubwa za Kitelugu huingizwa sauti studioni baadaye, na waigizaji wengi wa kike hawajui Kitelugu, kwa hiyo sauti ni ya mtu mwingine. Mwigizaji Samantha alisikika kwa sauti ya mwimbaji Chinmayi Sripada katika filamu nyingi tangu 2010. Kwa staringi haisumbui, kwa sababu kila kitu kimekuzwa. Kwa mama wa mboga wa Kariobangi itaua filamu. Pelli Choopulu ya Tharun Bhascker, 2016, ilinasa sauti palepale, na nusu ya raha yake ni jinsi watu wanavyokatizana maneno. Fanyeni hivyo. Maikrofoni ndogo kifuani chini ya leso, na moja ndefu juu ya fremu. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele kisivuke desibeli 12 chini ya sifuri, maana mama akipandisha sauti ghafla itapasuka na hakuna dawa. Leso za sintetiki zinakwaruza maikrofoni, tafuteni ya pamba. Kila mahali mnapopiga, nyamazeni sekunde 60 mnase kimya cha pale, kwa sababu bila hicho kila mkato utasikika. Honi ya matatu ikiingia katikati ya neno, rudieni. Ikiingia kati ya neno na neno, iacheni, ni mtaa.

Mkitaka kuona staringi mkubwa na sauti vikishikana, tazameni Rangasthalam ya Sukumar, 2018. Ram Charan anacheza kijana asiyesikia vizuri, kijiji kiko chini ya rais wa kijiji aliyekaa madarakani miaka 30 na mikopo ya ushirika inayonyonga watu. Upungufu huo wa masikio mwanzoni unachekesha. Baadaye unamgharimu pasipo malipo. Filamu hiyo ilipata tuzo ya kitaifa ya uchanganyaji wa sauti, na haikuwa zawadi.

Kalamu ya Buruburu

Asanteni sana, mmetufungua macho. Mzee, la nafasi baada ya neno zito tumeliandika ukutani.

Bado tunakwama kwenye vita. Kwa skripti ya sasa, ukurasa wa 5 kijana anawapiga watu wa bwana mwenye mabati. Kuanzia hapo hadithi inalala. Tukiongeza adui wengine tunarudia lilelile. Tukiondoa vita, nusu ya kundi inajitoa. Tufanyeje?

Binti wa Parklands

Inalala kwa sababu ushindi haukumgharimu mtu chochote. Hilo ndilo pengo ninaloliona kwenye ibada mbaya ya staringi: shangwe inaliwa bila kulipwa.

Rudi Baahubali ya pili, 2017, kabla tu ya mapumziko. Bhallaladeva, binamu na mpinzani wa Baahubali, anatawazwa, anapewa taji. Kisha Baahubali anaapishwa kama mkuu wa jeshi tu, na umati unalipuka hadi kiti cha enzi kinatikisika. Ukipenda kelele, hapo kuna kelele kuliko tukio lolote la filamu za Kitelugu. Lakini mfalme mpya amekaa pale akisikia. Kila kinachomkuta Baahubali baada ya mapumziko kinatoka kwenye zile shangwe. Umati wenyewe umemtia hatarini bila kujua. Hiyo ndiyo bei.

Sasa Balagam, upande wa pili kabisa. Mzee Komurayya amekufa, kunguru hawagusi chakula cha matanga, ishara kwamba roho yake haijatulia, na familia imegawanyika kwa ugomvi wa miaka mingi ulioanzia kwenye mfupa wa nyama wakati wa kula. Hakuna ngumi ya staringi. Hata hivyo kila hatua ina bei: mjukuu ana deni, aliitegemea ndoa, na msiba unaiharibu. Tofauti kati ya hizo mbili ni ukubwa wa sauti. Mifupa ya hadithi ni ileile.

Na tafadhali mama asiwe mtu wa kulia pembeni. Kwenye filamu za ibada mama hupewa kazi mbili, kulisha na kutekwa. Wa kwenu ana meza, ana wateja wa mkopo, anajua nani ana karatasi za kiwanja. Mpeni uamuzi mmoja ambao kijana hawezi kuufanya.

Mzee, kuhusu heshima ambayo staringi anawapa watu wa mbele, uko sawa, na sitaki kuiondoa. Ila kuna na upande wa nje ya skrini. Septemba 2020 mashabiki watatu walikufa kwa umeme Kuppam wakisimamisha bango la Pawan Kalyan. Desemba 4, 2024 mwanamke alikufa kwenye msongamano wa onyesho la Pushpa 2 katika ukumbi wa Sandhya, Hyderabad. Maonyesho hayo ya usiku na mabango hayo yanatoka kwenye uchumi uleule wa siku tatu za kwanza.

Mzee wa Kibanda

Hilo sina ubishi nalo, binti yangu. Onyesho la saa saba usiku bila njia za kutokea halimjengi staringi wala shabiki.

Meza ya Uhariri

Kaka Kalamu, kwa vita vyenu ningefanya hivi. Vibakie ukurasa wa 5, lakini visizidi sekunde 40, na watu wawe watatu. Wanane hamwezi kuwapanga kwenye uchochoro wa mita mbili, watasimama nyuma wakingoja zamu, na mtazamaji anawaona. Kata kila ngumi kwa kuondoa fremu mbili au tatu kabla tu ya kugusa, na mlio uingie fremu ile mkono unapofika. Msirefushe mlio, kishindo kikivutwa kinageuka katuni.

Mlango wake wekeni palepale: mama anasukumwa, mtoto wa jirani anakimbia kumwita, gurudumu la bodaboda, kofia ya chuma ikivuliwa, uso. Sekunde 60 hivi. Acheni sekunde tatu baada ya neno lake la kwanza. Nusu ya kundi lenu imepata chake.

Kisha ukurasa wa 6, pikipiki inachukuliwa. Ni ya mkopo, analipa kila wiki, na watu wale wanajua aliyemkopesha. Hapo staringi anatembea kwa miguu hadi mwisho wa filamu, na kila anakokwenda anachelewa. Ukurasa wa 12 hadi 15, wauza mboga wenzake mama wanamlaumu mama kwa sababu ile vita ndiyo iliyomleta mwenye mabati na polisi. Tukio hilo lipigwe bila muziki kabisa, kwa njia ya Kinasa Sauti, shoti pana kwanza. Mama afanye uamuzi wake karibu na ukurasa wa 22, kijana akiwa hayupo. Ngumi ya pili, kama lazima iwepo, iwe baada ya ukurasa wa 30, naye ashindwe kuitumia.

Andikeni upya kurasa za 5 hadi 15 tu kwanza, msiguse mwisho. Mkimaliza, someni kwa sauti mkiwa na saa: ukurasa ukizidi sekunde 70, punguzeni maneno ya adui kabla ya ya mama. Kisha zibandikeni hapa tuzione.